Shajara ya mradi: kupima ubora wa data pale amri inapotolewa

12 Januari

Leo tumekubaliana mradi utapima nini. Tuko wanne: mimi, wenzangu wawili wa uhandisi wa programu, na afande mstaafu aliyefanya kazi ya mawasiliano jeshini kwa miaka mingi, ambaye sote tunamwita Mzee. Hatuna data ya jeshi lolote wala hatuitafuti. Tunafanyia kazi ripoti za uchunguzi zilizowekwa wazi baada ya maafa ya kijeshi, pamoja na data tunayoitengeneza wenyewe ili kuigiza yaliyoandikwa kwenye ripoti hizo. Tunataka kupata chombo cha kupimia ambacho mkufunzi wa chuo cha kijeshi, au ofisa wa kitengo cha maafa, ataweza kukiendesha kwenye laptopu yake na kuona ni namba ipi kati ya zilizo mbele ya kamanda inastahili kuaminiwa, na kwa muda gani.

Tulianzia kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 25012 cha mwaka 2008, kinachotaja sifa 15 za ubora wa data: usahihi, ukamilifu, kutopingana, upya na nyinginezo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaandaa jedwali la kutoa maksi kwa kila sifa na kupata wastani. Mzee alilitazama, akauliza swali moja tu: "Huo wastani ni wa nani, wanangu? Kamanda hatumii kanzidata nzima. Anatumia mistari mitatu iliyo mbele yake, sasa hivi."

Swali hilo limetupa mwelekeo. Chukua kanzidata yenye shabaha 10,000, makosa yakiwa matano. Usahihi wake ni asilimia 99.95, na mkaguzi yeyote ataipitisha. Kama mojawapo ya yale matano ndiyo shabaha ya usiku wa leo, asilimia hiyo haimsaidii mtu yeyote, hasa wale wanaolala ndani ya jengo hilo. Kwa hiyo tumeamua kipimo chetu kianzie kwenye uamuzi: nani aliamua, saa ngapi, akiwa anatazama namba zipi, na kila namba ilikuwa na hali gani dakika ile.

Jambo jingine tulilokubaliana: juu ya kila faili la tukio tunaandika idadi ya waliokufa, kabla ya kitu kingine chochote. Tunashughulika na safu na nguzo za jedwali kutwa nzima, na ni rahisi kusahau tunachokipima.

20 Januari

Tukio la kwanza: Dhahran, Saudi Arabia, 25 Februari 1991. Waliokufa, 28.

Kombora la Scud kutoka Iraki lilipiga kambi ya askari wa Marekani. Kikosi cha Patriot, mfumo wa rada na makombora ya kuzuia makombora ya adui, kilichokuwa kikilinda eneo hilo kilikuwa kimewasha mitambo yake, lakini hakikurusha kombora hata moja. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ya mwaka 1992, inaeleza sababu kwa uwazi ambao ningependa kuuona kwenye ripoti zote.

Saa ya mfumo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Ili kupata sekunde, kompyuta ilizidisha hesabu hiyo kwa 0.1 ndani ya rejista ya biti 24. Sasa 0.1 haina mwisho ikiandikwa kwa mfumo wa namba mbili. Lazima ikatwe mahali fulani. Kinachopotea kwa kukata ni kama sekunde 0.000000095 kwa kila sehemu ya kumi. Nilitaka kuiona kwa macho yangu, nikaandika skripti fupi. Saa 100 za kuwaka mfululizo ni sehemu za kumi 3,600,000. Zidisha: sekunde 0.34. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu kuuhisi, ila kwa kombora linalokuja kwa kasi ile, jedwali la ripoti linaonyesha kwamba dirisha ambalo rada ililitazamia kombora lilisogea mita 687. Rada ilitazama pasipo na kitu, ikaona kweli hapana kitu, na mfumo ukaendelea na kazi zake.

Kilichonikaa rohoni zaidi ni mpangilio wa tarehe. Tarehe 11 Februari Waisraeli walikuwa wameshatoa taarifa kwamba baada ya saa 8 za kuwaka dirisha linasogea kwa asilimia 20. Tarehe 21 Februari vikosi vilitumiwa ujumbe kwamba kuwasha mfumo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta tatizo. Muda mrefu sana ni upi? Ujumbe haukusema. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya mazishi kuwa lazima.

Tumeingiza mambo mawili kwenye chombo kutokana na tukio hili. Kwanza, ubora wa namba hauandikwi kama thamani iliyosimama. Unaandikwa pamoja na kasi ya kuharibika kwake: mita ngapi kwa saa, sekunde ngapi kwa siku. Pili, onyo lisilo na namba linapata maksi sifuri. Kama ujumbe ule ungesema "zima na uwashe upya kila baada ya saa 8", askari yeyote angeufuata, kwa sababu kuzima na kuwasha kunairudisha saa kwenye sifuri.

2 Februari

Kabla ya kuigiza rada, tulitaka data halisi ya vitu vinavyotembea. Ndege za abiria hutangaza zenyewe mahali zilipo kwa redio, kwenye masafa ya megahetsi 1090, na mtu yeyote mwenye kipokezi cha bei nafuu anaweza kuzisikia. Tumefunga antena juu ya paa la nyumba ya mwenzetu, Tabata, na sasa ndege zinazotua na kuruka uwanja wa Julius Nyerere zinaonekana kwenye skrini yetu.

Nilichokipenda kwenye matangazo hayo ni kwamba ndege haitaji mahali ilipo tu. Ndani ya ujumbe kuna namba nyingine inayosema mahali hapo panaaminika kiasi gani, kuanzia 0 hadi 11. Mtandao wa kijeshi wa kubadilishana data wa Link 16, wanaoutumia NATO, una kitu kinachofanana nacho: kila chombo kinachofuatiliwa kinapewa daraja la ubora kuanzia 0 hadi 15, na daraja hilo linasafiri pamoja na taarifa yenyewe kutoka meli moja hadi nyingine. Na kwenye taarifa za kiintelijensia, NATO wana herufi na namba: A hadi F kwa mtoa habari, 1 hadi 6 kwa habari yenyewe. Mzee alifundishwa utaratibu wa aina hiyo akiwa kijana na bado anautumia hata kwenye habari za mtaani. "Huyo ni C3," anasema, tukimletea uvumi, yaani mtoa habari anaaminika kiasi na habari yake huenda ni kweli.

Maana yake wazo la namba kubeba ubora wake si geni. Tunachotaka kujua ni daraja hilo linapotelea wapi njiani.

Jioni tuliona jibu la kwanza. Ndege ikishuka, majengo na miinuko hukata mawimbi, na antena yetu huacha kuisikia. Programu ya kufuatilia haiifuti ndege hapo hapo. Inaendelea kuisogeza mbele kwa kukisia, ikitumia kasi na mwelekeo wa mwisho. Ni jambo la busara, rada za kijeshi nazo hufanya hivyo. Lakini kwenye skrini yetu kialama cha ndege inayosikika na cha ndege inayokisiwa vilikuwa na rangi ileile, umbo lilelile. Ndege ya kasi ya noti 450 inakwenda mita 231 kwa sekunde. Sekunde 12 za kukisia ni karibu kilomita tatu, na kwa kilomita tatu hizo skrini haikuonyesha dalili yoyote kwamba haijui.

Tumebadilisha. Sasa kialama kinachokisiwa kinafifia na duara la mashaka linapanuka kila sekunde. Mwenzangu aliyeandika sehemu hiyo amefanya kazi nzuri sana. Ukilitazama duara likikua unapata hamu ya kusubiri ujumbe unaofuata kabla ya kusema lolote.

11 Februari

Ghuba ya Uajemi, 3 Julai 1988. Waliokufa, 290, wakiwemo watoto 66.

Nimeisoma ripoti ya tukio hili mara nyingi kuliko nyingine zote, na leo tumeliigiza kwa ukamilifu. Ndege ya Iran Air, safari 655, aina ya Airbus A300, iliruka kutoka Bandar Abbas kuelekea Dubai saa 4:17 asubuhi. Dakika saba baadaye makombora mawili ya manowari ya Marekani, USS Vincennes, yaliiangusha baharini. Kwenye manowari waliamini ni ndege ya kivita aina ya F-14 inayowashukia. Kanda za mfumo wa Aegis, yaani rada na kompyuta za manowari hiyo, zilipochunguzwa baadaye, zilionyesha ndege inayopanda, ndani ya njia ya ndege za abiria, ikitoa namba ya utambulisho ya kiraia. Kwa maneno mengine, data iliyokuwa ndani ya kompyuta ilikuwa sahihi.

Basi kilichoharibika ni nini? Vitu kadhaa, ila viwili tumeweza kuviigiza vizuri.

Cha kwanza ni namba ya chombo. Kila kitu kinachoonekana kwenye rada hupewa namba, na meli zilizounganishwa hugawana namba hizo. Vincennes iliipa ndege hiyo namba 4474. Manowari nyingine, USS Sides, ilikuwa imeiona pia na kuipa 4131. Mfumo ulitambua kwamba ni ndege moja, ukabakiza 4131. Hadi hapo ni kazi safi. Kisha 4474, kwa kuwa sasa ilikuwa huru, ikapewa ndege nyingine kabisa, ndege ya kivita ya Marekani iliyokuwa mbali upande wa Ghuba ya Oman, ikishuka. Ndani ya chumba cha operesheni watu waliendelea kutaja 4474. Aliyeuliza "4474 inafanya nini?" alijibiwa kwa ukweli kamili: inashuka.

Tulipoligeuza hili kuwa data ya majaribio, jedwali letu la sifa 15 liliipa kila safu alama za juu. Usahihi: kamili. Ukamilifu: kamili. Upya: sekunde chache. Hakuna kipimo kati ya vile kilichouliza kama namba hii, sasa hivi, inamaanisha kitu kilekile ambacho msikilizaji anakifikiria. Tumeongeza kipimo hicho. Namba iliyoachwa haitumiki tena hadi muda fulani upite, na ikitumika tena mapema, kila aliyewahi kuiuliza anaonyeshwa ilikohamia.

Cha pili ni dirisha la utambulisho. Opereta wa kifaa cha kuuliza "wewe ni nani" alikuwa amelenga Bandar Abbas ndege ilipokuwa bado karibu na uwanja. Ndege ikasonga, dirisha likabaki kule kule. Bandar Abbas ulikuwa uwanja wa raia na wa jeshi kwa pamoja, na jibu la namba ya kijeshi lililosikika linaelekea kutoka kwa ndege ya jeshi iliyokuwa chini uwanjani. Jibu lilikuwa la kweli. Mwenye jibu alikuwa mwingine. Kwenye chombo chetu kila jibu la utambulisho sasa linabeba mahali lilikotoka, na likiwa mbali na ndege inayohusika mstari unakuwa mwekundu.

Dada aliye kwenye timu yetu, aliyekuwa akiendesha zoezi kama kamanda, alinyamaza kidogo dakika ya sita ilipofika. Kisha akasema hawezi kumlaumu aliyeuliza. Mimi pia siwezi. Ila naamini kwa moyo wote kwamba mfumo ule ungeweza kusema zaidi ya ulichosema.

19 Februari

Usafi wa msimbo tu. Umeme ulikatika mchana, tukaendelea na karatasi.

3 Machi

Kunduz, Afghanistan, 3 Oktoba 2015. Waliokufa, 42.

Hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka ilipigwa usiku na ndege ya Marekani aina ya AC-130. Madaktari hao walikuwa wametoa koordineti za hospitali yao kwa pande zote, mara ya mwisho siku chache tu kabla, tarehe 29 Septemba. Orodha ya majengo yasiyopigwa ilikuwepo, na hospitali ilikuwemo. Tumeipa safu hiyo maksi kamili kwa kila sifa, kwa sababu inastahili.

Lakini ndege ile iliruka mapema kuliko ilivyopangwa, kwenda kusaidia wenzao waliodhaniwa kushambuliwa, na orodha haikupakiwa ndani yake. Angani mitambo yake ya mawasiliano ikapata hitilafu, ikashindwa kutuma na kupokea data. Kisha wahudumu waliamini wamelengwa kwa kombora, wakasogea mbali na mzunguko wao wa kawaida, na usahihi wa vifaa vya kulengea ukapungua. Walipoingiza koordineti walizopewa, zilitua kwenye uwanja mtupu zaidi ya mita 300 kutoka jengo walilolitafuta. Wakachagua jengo kubwa la jirani lililofanana na maelezo: hospitali ile. Karibu na wakati wa kurusha, koordineti za jengo hilo zilifika makao makuu Bagram, kwa watu waliokuwa na ile orodha, na hazikulinganishwa nayo kwa wakati.

Huo ndio moyo wa mradi huu kwa maoni yangu. Data safi iliyoko Bagram ilikuwa na ubora wa sifuri kwa mtu aliyekuwa angani. Ubora unapimwa mkononi mwa anayeamua. Ukienda soko la samaki la Feri, hakuna anayekupa bei kwa sifa za bahari. Unashika samaki aliye mbele yako, unafungua matamvua, unauliza ameshushwa lini.

Zile mita 300 zilimfanya Mzee ainuke akachukue bomba la ramani. Ana karatasi za zamani za kipimo cha 1:50,000. Ramani hizo za Tanzania, sawa na za Kenya na Uganda, zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960, yaani mfumo wa marejeo ambao koordineti hupimwa kutokana nao. Simu zetu na GPS zote zinatumia WGS 84. Alichagua makutano ya barabara ambayo bado yapo, akasoma koordineti kwa rula, akanitajia, nami nikaziingiza kwenye simu bila kubadilisha chochote. Pini ikatua porini, karibu mita 300 kaskazini ya makutano. Hakuna aliyekosea kusoma. Rula ilikuwa sawa, macho yalikuwa sawa, simu ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni maneno mawili pembeni ya namba: ilipimwa kwa msingi upi.

Mita 300 mjini ni mtaa mzima. Kuanzia leo chombo chetu kinakataa koordineti isiyotaja msingi wake. Hakionyi, kinakataa.

17 Machi

Wiki ya saa. Mzee alisisitiza tuipe nafasi yake, na sasa naelewa kwa nini.

Kwa askari wetu hili linagusa nyumbani. Mwaka 2013 kikosi cha Tanzania kilipelekwa Mashariki mwa Kongo ndani ya brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Goma iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam. Kampala, ng'ambo ya mpaka, iko sawa na Dar. Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja zaidi. Jeshi lina dawa ya hili tangu zamani: kila eneo la saa lina herufi yake, na muda huandikwa na herufi hiyo mwishoni, C kwa Dar na Kampala, B kwa Goma, A kwa Kinshasa, Z kwa saa ya dunia. Herufi moja tu inatosha kuondoa mashaka yote. Na ni herufi hiyohiyo ambayo watu huiacha wakiwa na haraka.

Juu ya hapo kuna tabaka jingine ambalo sijaliona kwenye kiwango chochote cha kimataifa. Doria inaripoti kwa redio kwa Kiswahili: tumewaona saa nne usiku. Anayepokea anajaza fomu ya saa 24. Akiwa amechoka anaandika 0400 badala ya 2200. Kosa ni la saa 6 au saa 18, kutegemea tarehe aliyoiweka, na fomu inalipokea bila kulalamika kwa sababu 0400 ni saa halali kabisa. Tumeweka kanuni: kila ripoti ina muda wa kuonwa na muda wa kupokelewa, na ukionekana muda wa kuonwa uko mbele ya wa kupokelewa, au tofauti inakaribia saa sita kamili, mpokeaji anaulizwa upya kabla ripoti haijapanda ngazi.

Kwenye tukio la Vincennes pia kulikuwa na saa. Ratiba ya ndege za abiria ilikuwepo chumbani, na aliyeitazama hakuiona safari 655. Muda wa meli na wa Bandar Abbas ulitofautiana kwa nusu saa, na ndege yenyewe iliruka ikiwa imechelewa dakika 27.

26 Machi

Belgrade, 7 Mei 1999. Waliokufa, 3, wote Wachina waliokuwa ndani ya ubalozi wa nchi yao.

Shabaha iliyokusudiwa ilikuwa ofisi ya serikali ya Yugoslavia ya ununuzi wa zana. Mabomu matano ya kuongozwa kwa setilaiti yalitua pale yalipoelekezwa. Mkurugenzi wa CIA wa wakati huo, George Tenet, aliieleza Kamati ya Bunge mwezi Julai mwaka huo jinsi jengo lilivyotambuliwa kimakosa kwa kukadiria mtaa kutoka kwenye namba za nyumba, na jinsi kanzidata za majengo yasiyopigwa zilivyokuwa bado zinaonyesha ubalozi kwenye anwani yake ya zamani. Ubalozi ulikuwa umehama mwaka 1996.

Hapa kipimo cha kutopingana kilituonyesha udhaifu wake wote. Kanzidata kadhaa ziliangaliwa, zote zikakubaliana. Jedwali letu la mwanzo lingetoa maksi kamili. Lakini zilikubaliana kwa sababu zote zilirithi taarifa moja ya zamani. Mashahidi wanane waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Kwa hiyo sasa, kabla ya kuhesabu makubaliano, chombo kinafuata chimbuko la kila rekodi, na rekodi zenye chimbuko moja zinahesabiwa kama moja. Msimbo wa sehemu hii ulikuwa mgumu kuliko zote. Kanzidata nyingi haziweki kabisa habari za chimbuko, na pasipokuwa na habari hizo tunachukulia kwamba ni moja. Wenzangu waliona ni ukali kupita kiasi. Nimesimama hapo na sitaondoka.

Mchambuzi mmoja kule Marekani alikuwa na shaka juu ya jengo lile na aliisema. Shaka yake haikuwa na safu kwenye fomu, haikusafiri na namba. Tumeweka safu hiyo. Ina jina, saa na maneno huru, na haifutiki mtu anapoipitisha shabaha.

9 Aprili

Leo tumeshughulika na thamani zinazojijaza zenyewe.

Tarehe 3 Juni 1980 mitambo ya tahadhari ya Marekani ilionyesha makombora yanakuja, kwanza 2, kisha 200 na zaidi. Hakukuwa na kombora lolote. Ili kuhakikisha njia za mawasiliano ziko hai, kompyuta za NORAD, kamandi ya ulinzi wa anga ya Marekani na Kanada, zilikuwa zikituma ujumbe wa makombora muda wote, mahali pa idadi pakiwa na sifuri. Chipu moja ya senti 46 iliharibika na kuanza kuweka 2 badala ya 0. Ujumbe wa kupima njia na ujumbe wa vita vilikuwa na umbo moja. Miezi michache kabla, Novemba 1979, data ya zoezi ilikuwa imeingia kwenye mfumo hai na kuonyesha shambulio zima.

Na tarehe 5 Desemba 2001, Afghanistan, askari aliyekuwa akielekeza mabomu alibadilisha betri ya kifaa chake cha GPS. Kifaa kilipowaka kilijaza koordineti za mahali kilipokuwa, na bomu likaja hapo. Waamerika watatu walikufa, pamoja na Waafghanistan waliokuwa nao.

Sifuri ya "hakuna" na sifuri ya "sijui" hazipaswi kufanana. Kwenye chombo chetu kila sehemu ina hali tatu: imepimwa, imejijaza, haijulikani. Hali ya pili na ya tatu haziwezi kutoka kama amri hadi mtu aweke mkono wake. Data ya zoezi ina alama ndani ya kila mstari, si kwenye jina la faili, maana jina la faili hubadilishwa na mtu yeyote.

21 Aprili

Hali ya chombo hadi leo.

Wastani tumeuacha moja kwa moja. Maksi ya uamuzi ni maksi ya namba dhaifu kuliko zote zilizotumika kuufikia. Namba inapimwa kwa umri, kosa, chimbuko na maana, na kila kipimo kinaangaliwa kwa matumizi yaliyopo. Ndege ya mita 231 kwa sekunde, kwa uamuzi unaovumilia kosa la kilomita mbili, data yake inaishi sekunde zisizofika tisa. Msafara wa magari wa kilomita 40 kwa saa, kwa uvumilivu uleule, unaishi dakika tatu. Daraja linaishi miaka. Ubalozi unaishi hadi utakapohama, na hapo lazima mtu apewe jukumu la kuuliza kila mara kama umehama.

Mzee hataki kamanda aone vipimo vinne. Anataka kitu kimoja: muda uliobaki kabla namba hii haijafa, ukihesabiwa kurudi nyuma pembeni ya namba yenyewe. Tumeijaribu kwenye skrini na naikubali, kwa sharti kwamba ukibonyeza unaona sababu.

Kinachofuata ni kuwaweka watu mbele yake. Tutaanza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nusu wakiwa na skrini ya kawaida na nusu wakiwa na yetu, kwenye tukio la 1988 lililobadilishwa majina na mahali. Mzee anaandika maelekezo ya zoezi kwa mkono wake. Bado tunabishana kuhusu jambo moja: muda uliobaki ukifika sifuri, je, namba itoweke kwenye skrini au ibaki ikiwa imekatwa mstari. Mimi nataka ibaki. Dada anataka itoweke. Tutalijaribu kwa namna zote mbili.